Mvua ya India inanihusu nini mimi mwenye mbaazi Nachingwea?

Kijana wa Naipanga

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari zenu.

Nina magunia 14 ya mbaazi ndani. Tumepiga mimi na mke wangu kwa fimbo chini ya mwembe, tumepepeta, hazina mawe wala makapi. Mnada wa kwanza ni wiki ijayo, na chama chetu cha msingi kimeshaanza kupokea. Juzi kijiweni jamaa mmoja akaniambia nisipeleke kwanza, eti India mvua imekatika na bei itapaa. Jana usiku akaja kangomba, mnunuzi wa mitaani asiyepitia chama, na mzani wake hadi mlangoni, anazitaka zote kwa fedha taslimu, na yeye anasema India mvua imejaa, nisipouza sasa nitazila mwenyewe.

Mvua ninayoijua mimi inaanza Novemba au Desemba na kukata Aprili. Mbaazi nilizichanganya na mahindi, mahindi yakavunwa, zenyewe zikabaki shambani zikimalizia unyevu wa ardhini. Sasa mvua ya ng'ambo inaingiaje kwenye gunia langu? Na kati ya hawa wawili nimsikilize nani? Mwanangu anaingia kidato cha kwanza Januari, sina nafasi ya kukosea.

Mama wa Mikindani

Marahaba mwanangu. Pole na hongera ya mavuno. Nimekaa ghalani misimu mingi nikiandika uzito wa mazao ya watu, na nina shamba langu la mbaazi na mikorosho, kwa hiyo nakujibu kwa nilichokiona.

Toka nje sasa hivi usimame penye uwazi. Upepo unaokupiga ni kusi. Umeanza Aprili, ndio uliotufukuzia mvua, ndio unaotuletea baridi hii ya asubuhi, na ndio uliokausha maganda ya mbaazi zako mpaka yakawa yanapasuka ukiyagusa. Sisi tunauona upepo mkavu. Lakini hauishii hapa. Unapanda na pwani kuelekea kaskazini, ukivuka ikweta unakunja kulia kwa sababu ya mzunguko wa dunia, unapita juu ya Bahari ya Arabu na kubeba maji njia nzima, na ukigonga milima ya magharibi ya India unayamwaga. Kusi letu ndilo masika yao. Marehemu baba yangu alikuwa baharia wa majahazi, akituambia kwamba kaskazi huwaleta wageni na kusi huwarudisha, ila kusi likishakomaa, Juni na Julai, hakuna nahodha mwenye akili aliyethubutu kuikaribia pwani ya Bombay. Bahari ilikuwa imefungwa. Mimi nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima kwamba dhoruba ile iliyowafungia wao bahari ndiyo inayowanyeshea wakulima wa kule.

Kwa kawaida mvua hiyo inaingia jimbo la Kerala, kusini mwa India, karibu na tarehe 1 Juni, katikati ya Julai imeenea nchi nzima, na Septemba inaanza kurudi nyuma. Miezi hiyo minne tu inawapa kama robo tatu ya mvua yao ya mwaka. Ndipo wanapopanda mpunga, mahindi, pamba, soya na mbaazi. Ngano, dengu na haradali ni za msimu wa baridi, zinapandwa Oktoba na Novemba, nazo pia zinategemea unyevu na mabwawa yaliyojazwa na mvua ileile.

Sasa tazama mbaazi peke yake, maana hapo ndipo penye shilingi yako. Hakuna nchi inayolima mbaazi nyingi kuliko India, na hakuna inayokula nyingi kuliko India. Wanazipaaza, wanapika mchuzi wake karibu kila siku. Majimbo ya Maharashtra na Karnataka yanalima sana, na sehemu kubwa ya mashamba hayo yanategemea mvua tu, kama yetu. Wao wanavuna kuanzia Desemba. Sisi tunavuna Julai hadi Septemba. Kwa hiyo mbaazi zako zinafika kwao wakati ghala zao zimepungua na za kwao bado ni majani shambani. Mfanyabiashara anayenunua kwako Agosti anakisia Desemba itamletea nini. Akiona mvua yao inasuasua, anaogopa kukosa, anapandisha. Akiona mashamba yamestawi, anajua akivumilia miezi michache atapata za jirani kwa bei nafuu.

Ushahidi ninao. Agosti 2023 ilikuwa Agosti kavu kuliko zote India tangu waanze kuweka kumbukumbu mwaka 1901. Kumbuka bei tulizopata baada ya hapo, watu huku waliezeka mabati.

Hao wawili usimsikilize hata mmoja kwa maneno. Idara ya hali ya hewa ya India inatangaza mvua iliyonyesha hadi ngazi ya jimbo, na wizara yao ya kilimo inatoa mara kwa mara eneo lililokwisha kupandwa kila zao. Mtafute kijana mwenye simu nzuri akusomee mambo mawili: Maharashtra na Karnataka wamepata mvua kiasi gani, na mbaazi zimepandwa eka nyingi au chache kuliko mwaka jana.

Kuhusu kangomba, mwanangu, mtu aliyeamini kweli kwamba bei inaanguka asingetoka usiku na mzani kwenda kununua.

Masasi Kwetu

Mama amesema vizuri sana ila naomba niongeze, kwa sababu mvua pekee haitoshi.

Msimu wa 2016/17 India walivuna mbaazi nyingi mno. Agosti 2017, sisi tukiwa tumeshavuna, serikali yao ikaweka kikomo, tani laki mbili tu kutoka nje kwa mwaka. Mimi nilikuwa nimeongeza eka tatu kwa ajili ya bei nzuri ya nyuma. Niliuza kilo kwa shilingi mia mbili, nyingine nikawapa mbuzi, na baba mdogo aliacha zake zikapukutika shambani kwa sababu kibarua wa kuvuna alikuwa ghali kuliko mbaazi zenyewe. Wenzetu wa Msumbiji, hapo tu ng'ambo ya Ruvuma, walikuwa na makubaliano ya kuuza mbaazi India tangu 2016, wao wakawa na mlango. India ilikuja kulegeza kikomo hicho mwaka 2021.

Halafu kuanzia Desemba 2023 hadi Oktoba 2025 waliruhusu njegere kavu za njano ziingie bila ushuru, zikitoka Kanada na Urusi. Hizo ni nafuu, na mtu akizipika badala ya mbaazi, bei yetu inaumia hata kama mvua yao ni mbaya. Kwa hiyo uliza mvua, uliza eka, uliza na ushuru.

Kijana wa Naipanga

Asanteni sana. Leo mpwa wangu anayesoma Mtwara kanisomea. Mvua kule ni nzuri mpaka sasa, na eka walizopanda hazijapungua. Kumbe kangomba hakudanganya kuhusu mvua. Mama, nimpe basi?

Mama wa Mikindani

Hapana. Kakwambia kweli ya mvua ili akupunje kwenye mzani na bei. Kama mvua yao ni nzuri, usikae na mzigo hadi Novemba, lakini peleka ghalani, wanunuzi washindane. Bei ikisomwa mnadani, wakulima mna haki ya kuikataa pamoja.

Kabla hujapakia, toa punje kutoka katikati ya kila gunia, uing'ate. Ikipasuka kwa mlio, imekauka. Jino likizama, rudisha juani siku mbili, nimeona magunia mengi yakirudishwa mlangoni kwa unyevu. Na magunia mawili yaache nyumbani ndani ya mifuko isiyopitisha hewa, fukusi hawatazigusa. Hizo za mboga na mbegu ya Desemba, usiziuze kwa bei yoyote.

Kijana wa Naipanga

Nimeng'ata. Kumi na mbili zimelia, mbili zimezama. Hizo mbili ziko juani tangu saa nne.