Milioni 60, nyumba ya kwanza ya kupangisha: vyumba sita Mbagala au self mbili Kimara?

Mpangaji_Mchovu: Wakuu, salaam. Nina milioni 60 na nimeoneshwa nyumba mbili hapa Dar kwa bei hiyohiyo. Mbagala: vyumba sita, choo cha nje, kila chumba 50,000 kwa mwezi, wapangaji wamo. Kimara: self mbili (choo ndani) za chumba na sebule, 170,000 kila moja kwa mwezi, rangi bado. Mngekuwa ninyi mngechukua ipi?

BabaFremu: Mbagala, huna haja ya kuuliza. Akihama mmoja wamebaki watano. Kimara akihama mmoja, nusu ya kodi imeondoka naye.

Mama_wa_Vyumba: Kaka, wewe una fremu za maduka, hujui simu za wapangaji sita. Mimi ninayo nyumba ya hivyo. LUKU moja ya umeme, watu sita. Wa chumba cha tatu kaleta friji, wenzake wakataka achange mara mbili, yeye akasema hata televisheni hana. Kesi ikaja kwangu saa nne usiku! Masika shimo la choo likafurika, gari la maji taka halipiti uchochoroni, tukachimba jingine. Kodi ya miezi miwili ikaishia shimoni. Halafu piga hesabu: Mbagala ni 3,600,000 kwa mwaka, hela yako inarudi karibu miaka 17. Kimara 4,080,000, karibu 15. Hapo hujabadilisha hata bati moja, na TRA, watu wa mapato, wana asilimia 10 yao kwenye pango.

Wakili_wa_Mtaani: Mnagombea choo, karatasi je? Mbagala anauza nani?

Mpangaji_Mchovu: Mtoto wa marehemu. Wako watano, anasema wameshakubaliana. Ana barua ya serikali ya mtaa.

Wakili_wa_Mtaani: Ndugu yangu, tulia. Aje na barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, na warithi wote wasaini. Mwenyekiti wa mtaa anashuhudia mauzo tu, hampi mtu umiliki. Kimara kama ina hati, chukua namba yake uombe upekuzi ofisi ya ardhi, ujue kama haijawekwa rehani benki. Muuzaji ana mke? Mke naye asaini ridhaa.

BabaFremu: Kwa mirathi hiyo narudisha maneno yangu.

Mpangaji_Mchovu: Kimara ina hati, kila self na LUKU yake. Maji wanasema yapo.

Mama_wa_Vyumba: "Wanasema." Nenda mwenyewe alfajiri ufungue bomba. Rudi tena siku ya mvua uone maji yanapita wapi, Kimara ni milima na mabonde. Na usiende na dalali, muulize mwenye genge la jirani.

Mpangaji_Mchovu: Dalali keshachukua 20,000 ya usumbufu.

Mama_wa_Vyumba: Hiyo isamehe. Bomba usilisamehe.