Kiwanja changu cha kwanza: Chanika kisichopimwa au Kibaha kilichopimwa?

Mpangaji wa Tabata

Ndugu zangu, salamu. Nina umri wa miaka 28, nauza vifaa vya umeme katika duka la mtu Kariakoo, na kwa miaka mitano sasa nimekuwa nikilipia chumba na sebule Tabata, miezi sita kwa mkupuo kama mwenye nyumba anavyotaka. Nimejibana hadi akiba imefika shilingi 9,000,000. Mkopo wa nyumba niliuulizia benki nikaachana nao, kwa kuwa riba ilikuwa juu ya asilimia 15 kwa mwaka na mshahara wangu usingebeba marejesho; kwa hiyo nitajenga pole pole kama wengi wetu.

Nimeonyeshwa viwanja viwili. Cha kwanza kipo Chanika, mita 20 kwa 20, bei 5,500,000, hakijapimwa, na dalali anasema tutaandikishana serikali ya mtaa na hilo linatosha. Cha pili kipo Kibaha, nimeambiwa kimepimwa, kina mita za mraba 450 kwa shilingi 18,000 kila moja, yaani 8,100,000, na kinalipwa kwa awamu sita. Nikichukua cha Kibaha nitabaki na 900,000 tu, isiyotosha msingi, ilhali nikichukua cha Chanika naweza kuweka msingi mwaka huu huu. Moyo wangu unaegemea Chanika. Naomba ushauri wa waliopitia.

Mpima Mstaafu

Kijana wangu, nianze na hilo neno la dalali. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, hivyo unachonunua ni haki ya kuitumia. Mwenyekiti wa mtaa anashuhudia kwamba fulani amemuuzia fulani. Muhuri wake haukupi hati. Na ukiombwa asilimia kumi ya bei pale ofisi ya mtaa, omba risiti kwanza uone itakavyokuwa.

Kiwanja kisichopimwa si haramu, kwani maeneo mengi ya Dar es Salaam yamerasimishwa, yaani yamepangwa na kupimwa, watu wakiwa tayari wamejenga. Ila urasimishaji ukifika, barabara ya mtaa hukatwa kwenye viwanja vya watu, na mita zako za mraba 400 zinaweza kurudi 330. Chukua vipimo vya GPS vya pembe nne, vipeleke idara ya mipango miji ya halmashauri, uulize eneo hilo limepangiwa nini. Ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto usiweke kitu, na kando ya barabara kuu hifadhi kwa kawaida ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Miongoni mwa waliobomolewa nyumba kando ya barabara Kimara mwaka 2017, wapo waliokuwa na karatasi za mtaa.

Hicho cha Kibaha nacho usikiamini kwa sababu tu umeona bikoni, yale mawe ya mpaka. Zege lenye chuma katikati hata mimi naweza kukuchimbia leo jioni. Dai namba ya kiwanja na ya kitalu, kisha ukathibitishe kwamba ramani ya upimaji imeidhinishwa. Na kama hati imeshatoka, omba upekuzi kwa msajili wa hati ujue jina lililoandikwa ni la nani na kama kuna benki inayoishikilia.

Mama Wawili

Mdogo wangu, mimi niliuziwa kiwanja na kijana mpole kabisa, akaniambia ni cha marehemu baba yake, tukaandikishana mbele ya mashahidi wanne. Nilikuwa nimeshapandisha boma hadi kwenye lenta ndipo dada zake wawili walipotokea na karatasi ya mahakama inayoonyesha kwamba msimamizi wa mirathi ni mkubwa wao, tena hakuwa amesaini chochote. Nililipa mara ya pili ili nisipoteze boma. Kwa hiyo muulize huyo wa Chanika alikipataje, na kama ameoa, mkewe aandike ridhaa yake na awepo siku ya malipo.

Kobe wa Chamazi

Naomba nipingane kidogo na wazee. Nilinunua kisichopimwa mwaka 2011, nikahamia kabla ya kupiga plasta, madirisha yamezibwa kwa mabati chakavu, na tangu siku hiyo sijalipa kodi ya nyumba. Ningesubiri hati ningekuwa mpangaji hadi leo. Kinachoumiza vijana ni kumaliza hela kwenye kiwanja, kisha kinakaa miaka minane kinaota mbigili na jirani anasogeza mpaka wake taratibu. Ukichukua cha Kibaha, panda hata minyaa pembeni na uwe unaonekana pale.

Mpangaji wa Tabata

Nawashukuru sana, shikamooni wakubwa wangu. Jumamosi nilikwenda Chanika bila dalali, na usiku wake mvua ilikuwa imenyesha. Kiwanja kilikuwa kikavu, nikakaribia kufurahi. Jirani yake ni mama anayekaanga maandazi. Nilinunua mawili, nikamuuliza maji hupita wapi, naye bila kuacha kugeuza maandazi akanielekeza kwa mwiko ukuta wa banda lake, ambapo mstari wa tope ulikuwa umefika tofali la tatu. Akasema hiyo ni ya masika yaliyopita, na kwamba mimi ni wa nne kuletwa hapo mwaka huu. Nilipompigia dalali alinijibu kwamba maji hayo huwa yanapita tu.

Kobe, nimekuelewa, na kama si huo mstari wa tope ningekufuata wewe. Kibaha nilikwenda jana. Namba ya kiwanja na ya kitalu nimepewa, nitazipeleka halmashauri kabla ya kutoa awamu ya kwanza. Bikoni tatu nimeziona. Ya nne muuzaji anasema imefunikwa na majani, lakini tulifyeka wote wawili kwa nusu saa na hatukuipata. Mzee Mpima, kwa hali hiyo nimtake muuzaji airudishe kwa gharama zake kabla sijalipa, au ndilo jukumu la mnunuzi?

Mpima Mstaafu

Ni jukumu la muuzaji. Airudishe mpima aliyesajiliwa, nawe uwepo siku hiyo na ramani mkononi.