Je, mchoraji mwanamke aonyeshe kazi ambayo haijakamilika, na amwonyeshe nani?

Mchoraji wa Tanga

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi Tanga, ni mama wa watoto wawili, na kwa miaka minne nimekuwa nikichora usiku watoto wakishalala, kwenye chumba kile kile tunacholia chakula. Ninachouza ni picha wanazoniagiza wenye maduka ya watalii, yaani tembo, simba na Wamasai wakati wa machweo. Lakini kazi ninazozihesabu kuwa zangu ni nyingine: picha 14 za mikono ya wanawake wakiwa msibani, wakikuna nazi, wakichambua mchele, wakikunja kanga. Walioziona ni mume wangu na dada yangu tu, nao husema kwamba ni nzuri. Maneno hayo hunifariji, ila hayanisaidii kujua kwa nini picha tatu kati ya hizo zimenishinda kumaliza.

Naomba mnishauri, je, ni busara kuonyesha kazi ikiwa bado haijaiva, na nimwonyeshe nani? Nauliza kwa hofu, kwa sababu mwaka jana nilituma picha ya kazi yangu moja kwenye kundi la simu, na miezi michache baadaye niliikuta dukani imeigwa, rangi zile zile na mpangilio ule ule, ikiwa na sahihi ya mtu nisiyemfahamu.

Mwalimu wa sanaa, Nairobi

Dada wa Tanga, nimefundisha uchoraji kwa miaka 22, na habari yako imenikumbusha maisha ya Rosemary Karuga, msanii wa Kenya. Alizaliwa mwaka 1928, na alipoingia shule ya sanaa ya Makerere mwaka 1950 alikuwa mwanamke wa kwanza kusoma pale. Baada ya masomo alirudi Kenya akawa mwalimu, na kwa miaka mingi kazi yake mwenyewe ikawa inasubiri. Ni mwishoni mwa miaka ya 1980, alipopata nafasi ya kuwa msanii mkazi pale Paa ya Paa, kituo cha sanaa cha Nairobi, ndipo alipoanza kutengeneza kwa wingi zile picha za kubandika zinazojulikana leo. Kwa kuwa rangi zilikuwa ghali, alitumia karatasi za kufungia bidhaa, zikiwemo pakiti za unga na za sabuni, akizikata vipande vidogo hadi zikawa wanyama, mashamba na watu. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa katika jumba la makumbusho la Studio Museum in Harlem, New York, na kati ya wasanii tisa wa Afrika waliokuwa kwenye maonyesho hayo, mwanamke alikuwa yeye peke yake.

Wengi husimulia habari hii kama mfano wa subira. Mimi huisoma kwa uchungu, kwa sababu kipaji kilikuwepo tangu mwaka 1950. Kilichokosekana ni mahali pa kufanyia kazi na watu wa kuitazama. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba uonyeshe, na uonyeshe sasa.

Mchapaji wa vitambaa, Dar es Salaam

Naungana na mwalimu, lakini swali la pili la dada, yaani amwonyeshe nani, ndilo lenye uzito zaidi, nami naomba nilikalie kidogo. Msanii Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954 akapelekwa Uingereza akiwa mtoto mchanga. Mwaka 2017, akiwa na miaka 63, alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi kupata tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, na magazeti yetu mengi yaliishia hapo. Mimi naona lililo kubwa zaidi ni lile alilolifanya miaka zaidi ya 30 kabla ya tuzo. Katika miaka ya 1980, wakati majumba makubwa ya sanaa hayakuwa na nafasi kwa wanawake kama yeye, aliandaa mwenyewe maonyesho ya wenzake. Mwaka 1985 aliwakusanya wasanii 11 katika taasisi ya sanaa ya ICA, London, na nafasi waliyopewa ilikuwa ukuta wa ujia ambao watu huupita wakienda kwingine. Miongoni mwao alikuwemo Sonia Boyce, ambaye mwaka 2022 kazi yake iliipatia Uingereza tuzo ya Simba wa Dhahabu katika maonyesho ya kimataifa ya sanaa kule Venice, na Veronica Ryan, aliyepata tuzo ya Turner mwaka huo huo. Walikuwa watazamaji wa kwanza wa kazi za wenzao kabla ya mnunuzi yeyote kujitokeza. (Wewe unayechora kanga utapenda kujua kwamba Himid naye ameitumia kanga, pamoja na maneno yake, katika kazi zake nyingi.)

Sisi hapa Dar tuko wanawake watano, na hukutana Jumamosi moja kila mwezi kwa zamu, nyumba hadi nyumba, watoto wakiwa uani. Kila mmoja huleta kazi moja tu, tena ile inayomsumbua. Mwenye kazi hukaa kimya kwa dakika kumi za kwanza wakati wengine wakieleza wanachokiona, bila kusema kama ni nzuri au mbaya, kisha ndipo anaruhusiwa kuuliza. Mara ya kwanza nilikaribia kulia, kwa kuwa nilichodhani ni huzuni wao walikiona kuwa ni hasira, na walikuwa sahihi. Ukifika Dar, pita pia Nafasi Art Space, Mikocheni, kwenye studio za wasanii, ukaone jinsi wengine wanavyofanya kazi.

Mfinyanzi, Kyela

Mwanangu, mimi natofautiana kidogo na wenzangu. Chungu kibichi kikishikwa na watu wengi hupoteza umbo, na kuna kazi ambazo zinahitaji kukauka kivulini kwanza. Usilete picha uliyoianza juzi. Leta ile ambayo umeshindana nayo hadi unajua inakukatalia wapi. Na usiwatafute wachoraji peke yao. Mfinyanzi Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa akisoma Uingereza alipokwenda Abuja, Nigeria (mji ambao sasa unaitwa Suleja), kujifunza kujenga chungu kwa mkono kutoka kwa wafinyanzi wanawake, akiwemo Ladi Kwali, na hadi leo vyungu vyake hujengwa kwa mkono. Hapa kwetu, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu vinavyouzwa kwenye soko la Matema, na ukikaa nao nusu siku watakuonyesha kasoro ya mkunjo ambayo mtu wa chuoni hataigundua. Wapelekee picha zako wale wanawake wanaopika misibani. Wao wanaijua mikono hiyo.

Mdau wa hakimiliki, Dodoma

Kuhusu kuigwa: kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi yako inalindwa tangu unapoiumba, hata kama hujaisajili. Hata hivyo, kuisajili COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi siku ya mgogoro. Kwa walio Zanzibar, ofisi husika ni COSOZA. Hifadhi rasimu zako za penseli zikiwa na tarehe, na ukituma picha kwa simu, tuma sehemu tu ya kazi, yenye ukubwa mdogo.

Mchoraji wa Tanga

Nawashukuru nyote, na wewe mama wa Kyela, shikamoo. Jana nilibeba picha mbili kati ya zile tatu hadi kwa jirani ambaye huongoza wapishi kwenye misiba ya mtaa wetu. Aliitazama ile ya mikono inayokuna nazi kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwamba mwanamke huyo hajaikalia mbuzi, kwani mabega yake yamelegea mno, na mtu anayekuna nazi za watu 200 huegemea mbele kwa uzito wote. Nilikuwa nimeichora mikono bila kuuwaza mwili unaoisukuma. Usiku nimefuta viwiko na kuanza upya. Ile ya tatu nitaileta Dar, ikiwa mwenzetu mchapaji na kundi lake watanikubalia Jumamosi yao ijayo.