MJADALA: Msimamo unaopimwa kwa vidole unamsaidia nini aliyevamiwa?

Mkanda_Kahawia (mleta mada)
Wadau, salaam. Naleta jambo linalotugawa dojoni, ukumbi wetu wa mazoezi ya karate, naomba tulijadili kwa hoja.

Kwenye mtihani wetu kuna mbinu hii ya kujihami. Mshambuliaji anakukwida kola kwa mkono wa kushoto, anakuja na ngumi ya kuzungusha kwa mkono wa kulia. Unarudisha mguu wa kulia nyuma, goti la kushoto unalikunja hadi lifike juu ya vidole, uzito kama asilimia 60 mbele na 40 nyuma. Mkono wako wa kulia unaubana kifuani ule uliokukwida. Wa kushoto unapanda kuzuia ngumi, hapohapo unashuka shingoni kwa ubavu wa kiganja, kisha unanasa mkono wake na kuuvuta hadi kiunoni mwako huku kisigino cha kiganja cha kulia kikipanda kidevuni. Unamalizia na goti kinenani, unaondoka.

Mwenzetu mmoja alifanya yote hayo kwa kasi na kwa nguvu, akafelishwa kwa sababu unyayo wa mguu wa nyuma ulitazama pembeni badala ya mbele. Swali: usahihi wa namna hii unamlinda mtu, au unalinda mtihani?

Ngumi_Kavu
Unalinda mtihani. Mkuu, ni mvamizi gani anayerusha ngumi moja kisha anaganda kama kinyago akusubiri umalize mapigo yako? Akishakukwida anakuvuta, anakusukuma, ngumi ya pili na ya tatu ziko njiani kabla hujapanga miguu. Mwaka 1993 kule Denver, kwenye UFC ya kwanza kabisa, mashindano ya kupambanisha mitindo tofauti, watu wa kila mtindo waliingia na misimamo yao, na Royce Gracie, mtu wa jiu-jitsu, sanaa ya kukabana chini, akawapeleka chini watatu usiku mmoja, wala hakuwa mkubwa wa mwili. Mjadala huu ulipaswa kufungwa tangu siku ile.

Na niseme wazi: anayefundisha mkono urudi kiunoni wakati uso uko wazi, huyo hajawahi kupigwa.

Mwalimu_Zuhura
Hiyo sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike. Nafundisha mkono kiunoni, na pua yangu imewahi kuvunjwa. Liondoe hilo kwanza ndipo tuzungumze.

Mkono unaorudi kiunoni haurudi mtupu. Mleta mada ameandika mwenyewe: unanasa, unavuta. Ukimvuta mtu, uzito wake unahamia mguu wa mbele, hawezi tena kurudi nyuma, na kidevu chake kinakuja chenyewe kwenye kiganja chako. Watu wa Okinawa, kisiwa cha Japani ilikozaliwa karate, hawakuuweka mkono pale kwa urembo. Anayeurudisha mtupu akiwa mbali na mpinzani amefundishwa nusu ya somo, na hapo wa kulaumiwa ni mwalimu wake.

Na huyo Gracie wako, unadhani kabali ile aliipata kwa kubahatisha? Kiwiko kikikaa kando kidogo tu, mtu anapumua. Yeye alishinda kwa usahihi.

Ngumi_Kavu
Pole kwa pua, mwalimu, sikukulenga wewe. Lakini mkono uliolowa jasho, unaokuja kwa kasi, unaunasaje hewani? Kwenye mapambano ya kweli mkono ulioshuka unaacha shavu wazi, na shavu wazi linapigwa.

Hata karate yenyewe haijiamini. Olimpiki ya Tokyo, 2020, fainali ya wazito: Msaudi alimlaza Mwirani kwa teke la kichwa, dhahabu akapewa aliyelala chini. Mchezo unaomwadhibu aliyemaliza kazi ndio unifundishe kujihami?

Kipyenga
Ilikuwa Agosti 2021, lililobaki 2020 ni jina tu. Na Tareg Hamedi, Msaudi huyo, hakuadhibiwa kwa kushinda. Alikuwa anaongoza 4 kwa 1. Kanuni zilitaka teke la kichwani liguse kwa kudhibitiwa. Yeye akapitiliza, Mwirani Sajad Ganjzadeh akatolewa kwa machela. Kila aliyepanda tatami, mikeka ya pambano, siku ile alizijua kanuni.

Teke_Refu
Kipyenga, usitetee waamuzi kwa kanuni ambazo wenyewe wanazitafsiri wanavyotaka. Mpinzani alijiingiza mwenyewe kwenye teke! Kijana alilia mbele ya dunia nzima.

Kipyenga
Machozi hayaingii kwenye karatasi ya alama, kaka. Mpigaji ndiye anayebeba dhamana ya nguvu ya pigo lake. Ukiondoa hilo, hakuna mzazi atakayemleta mtoto dojoni.

Mwalimu_Zuhura
Na mnapita juu ya jibu lenyewe. Ngumi_Kavu anasema mbinu za karate hazimlazi mtu, halafu ushahidi wake ni teke la karate lililomlaza bingwa aliyekuwa macho, aliyejiandaa, aliyelitarajia. Amechagua mfano unaomkanusha.

Teke_Refu
Hapo nakuunga mkono. Tena Lyoto Machida, aliyelelewa kwenye Shotokan, mtindo wa karate, ya baba yake, alichukua mkanda wa UFC mwaka 2009 kwa kumlaza Rashad Evans. Ngumi_Kavu hilo hulisemi.

Ngumi_Kavu
Nalisema. Tazama miguu yake: anasimama juu, mwepesi, anaingia na kutoka. Kuna goti lililokunjwa mpaka juu ya vidole pale? Hakuna.

Mlango_Wazi
Naomba niingie, maana mnapigania ulingo na mleta mada aliuliza kuhusu kuvamiwa.

Nafundisha wanawake kujihami. Sehemu kubwa ya kazi yetu iko kabla ya pigo la kwanza: kutomruhusu mtu afike umbali wa kukukwida, viganja wazi mbele ya kifua, sauti ya juu inayoamuru "rudi nyuma", jicho kwenye njia ya kutokea. Ikibidi kupiga, napenda kisigino cha kiganja kama kilivyo kwenye mbinu ya mleta mada, kwa sababu ngumi ikitua kwenye fuvu mfupa unaobeba kidole kidogo huvunjika kirahisi, na mkono uliovunjika haufungui mlango wala haushiki simu. Pigo moja au mawili, kisha kimbia. Mtihani wenu unahesabu mapigo ila hakuna anayepewa alama kwa kuondoka mapema. Hilo linanisumbua kuliko unyayo. Sheria nayo, mahali pengi, inauliza kama nguvu uliyotumia ilikuwa ya lazima. Goti la mwisho kwa mtu ambaye tayari anayumba utalieleza vipi?

Simba_Mkavu
Dada, kupiga kelele na kukimbia ni woga. Sanaa za mapigano zilianzishwa ili watu wasimame.

Mlango_Wazi
Woga? Sema hivyo mbele ya mwanamke aliyekimbia akafika kwa watoto wake salama. Wewe umeshazoea kushindana na mtu wa uzito wako, mbele ya mwamuzi, kwenye tatami laini. Wanafunzi wangu hawachagui uzito wa anayewavamia.

Simba_Mkavu
Usinijibu kwa hasira. Nimesema sanaa, sijasema wanawake.

Mzee_wa_Kata
Vijana, taratibu. Simba_Mkavu, Funakoshi mwenyewe, mwasisi wa Shotokan, alifundisha kwamba kwenye karate hakuna shambulizi la kwanza. Huyo dada yuko karibu na wazee wa karate kuliko wewe.

Kuhusu misimamo, historia isemwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Anko Itosu aliiingiza karate shuleni Okinawa, akatunga kata (mifuatano ya mapigo iliyopangwa) za Pinan ambazo wengine mnaziita Heian. Darasa la watoto likasimama kwa mistari, likafanya kwa hesabu, na mwalimu akahitaji kitu cha kusahihisha kwa macho. Funakoshi alipoionyesha Tokyo mwaka 1922 misimamo yake bado ilikuwa ya juu, picha zipo. Kushuka chini namna hii tunavyoona kwenye Shotokan kulikuja baadaye, na wengi wanamtaja mwanawe Yoshitaka. Kwa hiyo goti juu ya vidole halikuteremshwa na mababu. Ni zoezi zuri la mapaja na nyonga, tena zuri sana, ila lisichanganywe na picha ya mtu anayepigana.

Teke_Refu
Mzee, shikamoo. Lakini Itosu na fainali ya Hamedi vina uhusiano gani?

Mzee_wa_Kata
Marahaba. Havina. Nyie ndio mliomleta Hamedi.

Mrushaji
Mimi mtu wa judo, nitasema moja. Jigoro Kano alipoanzisha Kodokan, shule ya kwanza ya judo, mwaka 1882, mapigo ya mwili aliyaacha ndani ya kata, na kwenye mapambano huru akabakiza mbinu ambazo mtu anaweza kuzifanya kwa nguvu zake zote bila kumuua mwenzake. Matokeo yake, mwanafunzi wa judo kila siku anamkamata mtu ambaye hataki kukamatwa. Mbinu ya mleta mada haijawahi kufanywa hivyo hata mara moja, kwa sababu kidevu cha mwenzako kinapigwa mara moja tu. Usahihi wenu unapimwa na jicho la mtahini, wetu unapimwa na mtu anayekataa kuanguka.

Mwalimu_Zuhura
Ndugu Mrushaji, judo mmekatazwa hata kushika miguu kwenye mashindano, msitufundishe uhalisia.

Mrushaji
Hilo ni la mashindano, na sijaligusa. Nimesema kuhusu mazoezi na mtu anayekataa.

Mkanda_Kahawia (mleta mada)
Nashukuru wote, ila hakuna aliyejibu kuhusu unyayo.

Kipyenga
Unyayo wa nyuma ukitazama pembeni, nyonga haifungi mbele. Kiganja kinafika kidevuni kwa nguvu ya bega peke yake, na goti la nyuma linasokoteka ukisukuma. Mtahini alikuwa na haki ya kuona. Kumfelisha kwa hilo tu wakati pigo lilitua na mtu akayumba, hapana.

Ngumi_Kavu
Mtahini amjaribu basi kwa njia ya Mrushaji. Mshambuliaji avae kofia ya kinga na glavu, akwide kola kwa dhati, aruhusiwe kuvuta, kusukuma na kurusha ya pili. Mwalimu Zuhura akifanya mkono wa kiunoni ukanasa hapo, nitaandika hapahapa kwamba umenasa.

Mwalimu_Zuhura
Nakubali. Ila avae shati lenye mikono, kwa sababu tulianza na kukwidana kola, na mwenye kola ana mikono.

Ngumi_Kavu
Umeanza masharti.

Teke_Refu
Na mwamuzi asiwe Kipyenga.