Deni la makuti Kinango: kesi ipelekwe wapi?

Mkaazi wa Likoni: Mteja wangu wa Kinango, kaunti ya Kwale, namdai makuti ya shilingi 85,000. Ni kwa chifu, ofisi ya kaunti au korti?

Mjuzi wa korti: Kaunti haina korti zake, Mahakama ni ya taifa zima. Chifu hupatanisha tu, hukumu hatoi. Deni la bidhaa lisilozidi milioni 1 ni la Mahakama ya Madai Madogo. Wakili si lazima, na sheria inataka hukumu ndani ya siku 60.

Bwana Samansi: Tangulia na barua ya madai. Chapisha jumbe za M-Pesa zenye tarehe. Panapokwama hasa ni kumfikishia mdaiwa samansi (wito wa korti): “Kinango” pekee haitoshi, andika kijiji, lokesheni na nambari ya simu.

Mjuzi wa korti: Ingekuwa mzozo wa shamba, Mahakama ya Madai Madogo isingekupokea.