Naomba ushauri: maiki ya bei nafuu ya kurekodia nyumbani

Wakuu, habari zenu. Nimeanza kurekodi nyimbo na simulizi chumbani, na mfuko wangu haujanona. Nimekwama kati ya Shure SM58 na Audio-Technica AT2020. Zote zinahitaji intafesi (kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta), ambayo bado sina, na hiyo AT2020, kwa kuwa ni kondensa (aina ya maiki inayonasa hata sauti ndogo), inataka na umeme wa volti 48.

Kinachonisumbua hasa ni chumba: kuta tupu, mwangwi, feni, na jogoo wa jirani asiyejua saa. Nahofia kondensa itawanasa wote! SM58 ingenifaa zaidi hapa? Au nichukue tu maiki ya USB, hela itakayobaki ninunue mapazia mazito? Mliopitia njia hii, naombeni uzoefu wenu.