Gereji imenifungia miguu ya dragi kwenye Camaro ya 1968, halafu wananiambia ni ya saketi!

Wakuu, salaam. Leo sina salamu ndefu, nina hasira. Wale mlioko Georgia, Carolina na Tennessee wenye mikoko ya zamani ya Kimarekani, someni huu uzi kabla hamjampa mtu hela ya "kuboresha" miguu ya nyuma.

Gari ni Camaro ya 1968, V8 ya lita 5.7, gia nne za mkono. Nyuma ilikuwa na springi zake za kiwandani, zile za vyuma bapa vilivyopangwa kama za Canter, na ekseli moja nzima imekaa juu yake. Kwa safari za kawaida hazina neno. Ukiipeleka saketi na tairi za kisasa ndipo shida inaanza, maana springi hiyo hiyo imebebeshwa kazi zote: ibebe uzito, ishike ekseli isiende mbele wala nyuma wala pembeni, halafu izuie ekseli isijizungushe ukikanyaga mafuta. Ikizidiwa inajikunja umbo la S, inajiachia, tairi inaruka. Chevrolet wenyewe waliliona hilo mapema. Modeli ya 1967 ilikuwa na bapa moja tu kila upande na shokapu zote mbili mbele ya ekseli. Mwaka uliofuata shokapu moja ikahamishiwa nyuma ya ekseli ili kupunguza huko kuruka, na zenye injini kubwa zikapewa bapa kadhaa.

Kwa hiyo sikwenda gereji kutafuta urembo. Nilitaka koili na mikono ya kushika ekseli vizuri, nikajifurahishe Road Atlanta, saketi ya mbio huku Georgia, zile siku wanazofungulia watu wa kawaida. Nilimwambia mwenye gereji kwa mdomo, nikamwandikia na barua pepe: nataka kona, nataka breki, sina habari na robo maili. Kwenye risiti wameandika kwa mkono wao kwamba ni mfumo wa nyuma kwa matumizi ya saketi. Dola 6,400, vifaa na kazi. Risiti ninayo.

Walichofunga ni mikono minne ya dragi.

Kwa ambao hamjaligusa hili: dragi ni mbio za robo maili kwenye mstari ulionyooka, unakanyaga mafuta mara moja na mchezo umeisha. Mikono ya juu na ya chini inapangwa kwa kuinamiana, ili gari ikiondoka nguvu ya injini izikandamize tairi chini badala ya kukalisha mkia. Kwa kuondoka ni tamu mno. Ila kwenye saketi unafunga breki kila mara, na mpangilio uleule unaozikandamiza tairi ukikanyaga mafuta ndio unaozipunguzia uzito ukikanyaga breki. Road Atlanta ina ule mnyooko mrefu wa nyuma unaoishia kona ya 10a, kona ya kushoto unayoifikia ukiwa kwenye kasi kubwa kuliko sehemu nyingine zote. Pale ndipo unafunga breki za kweli. Nikifunga, ekseli inadunda kama mchi kinuni, mkia unapepesuka, na mimi nimeng'ang'ania usukani namwomba Mungu.

Hiyo ni breki tu, kona bado. Bodi ikilalia upande mmoja, mikono ya kulia inataka kuizungusha ekseli huku, ya kushoto inataka kuizungusha kule. Ekseli ni bomba moja la chuma, haiwezi kutii pande zote mbili, kwa hiyo inabidi bushi zilegee kidogo. Sasa wao wamejaza bushi ngumu za poliurethani kila mwisho wa mkono! Hakuna kinacholegea. Ekseli nzima imegeuka stabilaiza, ile fimbo ya kuzuia bodi isilale kwenye kona, tena nene kupindukia. Kona inaanza vizuri, gari imetulia, halafu ghafla nyuma inaachia bila hata kukuonya. Mfumo wa saketi unataka jointi za chuma zenye tufe ndani, au angalau mikono mitatu badala ya minne. Haya si siri ya kitaalamu, mtu yeyote anayetengeneza magari ya kona analijua.

Na ile fimbo ya Panhard, inayozuia ekseli isiende pembeni, wameweka fupi na imeinama sana. Fimbo ile inazunguka kwa duara, ikiwa fupi na imeinama inaisukuma ekseli pembeni kila gari inapopanda na kushuka. Ndiyo maana 10a ya kushoto naendesha gari moja, 10b ya kulia inayofuata naendesha nyingine kabisa. Ndani ya tao la tairi ya kulia kuna mstari mweusi wa raba, rangi imelika mpaka chuma kinang'aa. Nikawapigia picha. Jibu: "Punguza upana wa tairi."

Kuna mzee mmoja huku anaandaa magari ya mbio za kona, nikampelekea alitazame. Akaingia chini na kipima pembe chake, hakukaa hata robo saa. Pembe ya difu ilipangwa gari ikiwa juu ya lifti, ekseli inaning'inia! Kazi hiyo inafanyika gari ikiwa imekaa kwenye tairi zake, uzito wote uko chini, maana mikono ikibadili mlalo na pua ya difu inabadilika. Ndiyo maana kuanzia kilomita 90 kwa saa propela inatetema mpaka kioo cha kati hakionyeshi kitu. Wao walinihakikishia kwamba ni "kawaida ya gari la zamani".

Kilichonikata maini kabisa ni uchomeleaji. Camaro ya miaka ile haina chasisi kamili. Mbele kuna fremu fupi iliyofungwa kwa bolti, kuanzia hapo kwenda nyuma unategemea bati la bodi. Ukiweka koili, uzito uliokuwa unashuka kwenye ncha za springi za zamani unahamia kwenye boriti mpya, kwa hiyo lazima uweke mabamba ya kuimarisha, na wenye akili wanaunganisha fremu ya mbele na mihimili ya nyuma kabla ya yote. Mzee akang'oa zulia nyuma ya kiti, akanimulikia tochi. Boriti imechomelewa moja kwa moja kwenye bati tupu, na pale mshono unapoishia kuna ufa mwembamba kama unywele, rangi imejiinua kuufuata. Niambieni, kitu kile kingeachia kona ya 12, inayoteremka kwenda kulia na ukuta uko pembeni, leo uzi huu ungeanzishwa na nani?

Nimerudi kwao. Mwenye gereji kwanza alisema tatizo ni shokapu, ninunue za bei mbaya zaidi, na yeye ndiye muuzaji. Mara ya pili akasema upepo wa tairi. Mara ya tatu akaniambia "rafiki yangu, tumefunga hizi kwenye magari mengi na hakuna aliyelalamika". Nikamuuliza mangapi kati ya hayo yanakwenda saketi. Akahamia kwenye habari za gari lake linavyoruka kwenye robo maili! Sasa hivi simu anapokea kijana wa mapokezi, kila siku bosi yuko nje.

Najua kuna mjuaji atakuja kusema ningebaki na springi zangu. Sikatai, zikitunzwa zinakwenda. Dereva Mark Donohue alishinda mbio 10 kati ya 13 za Trans-Am, mashindano ya saketi ya Kimarekani, mwaka 1968 akiwa na Camaro ya timu ya Penske, na nyuma ilikuwa na springi hizo hizo za bapa. Tofauti ni kwamba waliomfungia walikuwa wanajua anakwenda kupiga kona. Hoja yangu haipo kwenye aina ya mfumo. Mikono minne, mikono mitatu, hata ile mikono mirefu ya pickup za Chevrolet za miaka ya sitini ambayo watu wa mbio za NASCAR waliichukua, yote inafanya kazi ikipangwa kwa kazi yake. Mimi nimelipia kazi moja nikapewa nyingine, na juu yake wamenichomelea gari vibaya.

Nimewaandikia rasmi: warudishe hela ya kazi, walipe gharama ya kukata boriti na kuchomelea upya na mtu nitakayemchagua mimi, vifaa vyao wachukue. Wana mpaka mwisho wa mwezi. Wakiendelea na danadana naenda mahakama ya Magistrate ya kaunti, hapa Georgia inapokea madai mpaka dola 15,000 na huhitaji wakili. Picha za ufa, vipimo vya mzee na ile risiti vyote viko kwenye faili.

Ninachoomba kwenu: kama kuna aliyefungiwa linki ya Watt (inazuia ekseli isiende pembeni badala ya Panhard) au mikono mitatu kwenye Camaro au Firebird ya 1967 mpaka 1969, na anaipeleka saketi kweli, aje PM aniambie nani alimfungia na breki zinakuwaje mwisho wa mnyooko. Picha za chini ya gari zinahitajika, za kuipaki ufukweni sina shida nazo. Na wale wa "ungenunua Subaru" piteni tu.